Grisi ya baskeli: kabla ya kuuliza aina, tazama mdomo wa chombo

Tangu mvua zikatike, malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mmoja yuko Mikindani, mwingine Mingoyo, mwingine Naliendele: wamefungua habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye ekseli na gololi, wakaosha, wakapaka grisi mpya, na haujapita muda gurudumu linachakacha tena. Wote wanasema wameuziwa grisi feki. Feki zipo, sikatai. Lakini nilipowauliza waliinunua ikiwa kwenye chombo gani, jibu likawa moja kwa karibu wote: ilichotwa kwa kijiti kwenye ndoo iliyo wazi mlangoni mwa duka la spea, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kiwanda, tuzungumze habari ya mdomo wa chombo.

Mambo ambayo muuzaji atakutajia kwanza nitayapitia haraka, kwa sababu kwa baskeli hayana uzito mkubwa. Atakwambia, "Dada, hii ni ya malori, inavumilia moto." Baskeli ina moto gani? Ukiendesha kilomita 15 kwa saa, gurudumu la inchi 28 linazunguka kama mara 115 kwa dakika, na habu yake ukiishika haina hata fukuto. Anayehitaji kufikiria joto ni mwenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, ile inayokaa ndani ya habu ya nyuma. Rangi nayo isikubabaishe. Nyekundu, bluu, kijani, zote ni rangi zilizotiwa kiwandani na hazikwambii kilichomo. Uzito tafuta namba 2, ambayo ni laini kama siagi ya karanga. Namba 3 ni nzito kidogo, nayo kwa joto la pwani inafaa.

Kuhusu kilichomo, kumbuka jambo moja. Grisi nyingi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoamua itafanyaje ikikutana na maji. Ya kalsiamu inayakataa maji. Ya lithiamu inayavumilia vizuri. Ya sodiamu inayeyuka majini, na mtu wa pwani hana sababu ya kuigusa.

Sasa mchanga. Mtwara na Lindi tunaishi juu ya mchanga, na upepo wa kusi ukianza unaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Ukipanda juu Newala na Tandahimba, ni vumbi jekundu linalong'ang'ania kila kitu. Oili ikiingiwa na mchanga, ukiiacha itulie mchanga unazama chini, unamimina ya juu. Grisi haina ukarimu huo. Chembe ikishatua inabaki pale pale, halafu kijiti cha muuzaji kinakuja kuichanganya na kuipeleka katikati ya ndoo, na wewe ndiye unayechotewa. Mafundi wa magari wana pesti ya kusagia valvu: ni mafuta mazito yaliyotiwa chenga ngumu kwa makusudi, ili yale chuma. Grisi yenye mchanga inafanya kazi hiyo hiyo ndani ya habu yako, na koni, zile nati za ekseli zinazobana gololi, kwa baskeli nyingi tunazouziwa ni za chuma laini. Ukiiona koni ina mfereji uliochimbika upande mmoja, jua imeshasagwa, na hakuna grisi itakayoirudisha.

Unaweza kuipima nyumbani. Chukua kasha la CD la zamani, likate vipande viwili vya plastiki inayoonyesha. Paka grisi kidogo katikati, bana, zungusha kipande cha juu kidogo tu, kisha futa na utazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mikwaruzo ya upinde, kuna kitu kigumu ndani. Maabara wanafanya vivyo hivyo kwa vibao vya plastiki, na kipimo chenyewe kinaitwa ASTM D1404. Ukitaka kujua ndoo ya dukani ina nini, omba kidogo kwenye ncha ya kidole upeleke nyumbani kupima. Muuzaji akikunyima, umeshapata jibu.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda, ni Total Multis EP 2 ya katriji, ile ya gramu 400 inayotengenezwa kuingia kwenye bomba la grisi. Ni namba 2, sabuni yake ni lithiamu na kalsiamu pamoja, kwa hiyo maji inayamudu. Lakini ningeipenda hata ingekuwa na sifa pungufu, kwa sababu ya chombo. Imefungwa huku na huku tangu kiwandani, na nyuma ina kizibo kinachosukuma grisi mbele, kwa hiyo hakuna kijiti kinachoingia. Bomba lenyewe si lazima ununue. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua bomba la sindano la mililita 60, sindano usichukue. Fungua katriji ndani ya nyumba, mlango umefungwa, sukuma grisi uijaze sirinji, kisha funika katriji kwa kifuniko chake cha plastiki na uizungushie kipande cha tyubu ya gurudumu. Tangu hapo unafanya kazi na sirinji tu, na mdomo wake hauzidi tundu la spoki kwa mbali. Mpira wake ukivimba kwa mafuta, badilisha, ni bei ndogo. Katriji moja inahudumia baskeli za ukoo mzima, maana baskeli moja ikifunguliwa yote haimalizi hata sehemu ya kumi ya gramu hizo.

Ya pili ni grisi ya mashine za boti, na hii naielekeza hasa kwa wachuuzi wa samaki. Sanduku likiwa kwenye keria, maji ya samaki na chumvi yanadondoka moja kwa moja kwenye habu ya nyuma, safari nzima kutoka feri mpaka vijijini. Hiyo ni adha kuliko mvua yoyote. Wavuvi wenye mashine za Yamaha wanaijua, wenyewe Yamaha wanaiita grisi A, nayo imetengenezwa kustahimili maji. Kwa maji ya chumvi inaizidi hata ile niliyoisifu. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja: wauzaji wengine wanaichota na kuigawa kwenye vikopo. Ukiipata kwenye tyubu iliyofungwa, na kazi yako ni samaki au chumvi, ifanye ya kwanza.

Ya tatu ni tyubu za grisi ya baskeli yenyewe, kama Park Tool PolyLube 1000 au ile ya Shimano. Ni safi, tyubu ina mdomo mdogo, sina kasoro ya kuitajia ila bei na ukweli kwamba lazima uagize. PolyLube haikushikwa na sabuni bali na kitu kingine kabisa, poliyurea, kwa hiyo usiipake juu ya grisi ya zamani. Zikichanganyika zinaweza kulainika na kuvuja. Osha kwanza mpaka chuma kiwe kikavu.

Makopo ya nusu kilo yaliyoandikwa MP3, yaani grisi ya kazi nyingi namba 3, yanafaa iwapo yana utando chini ya mfuniko. Grisi ya kupima ya jero au ya buku, usinunue.

Kwenye kupaka, watu wanakosea zaidi mahali pa kuweka kuliko kiasi. Weka kwenye habu zote mbili, ekseli ya kati pedeli zinapozunguka, shingo ya usukani, nyuzi za pedeli na bomba la siti lisije likashikana na fremu kwa kutu. Usiweke kwenye cheni. Cheni inataka oili nyepesi, grisi inaikusanyia mchanga wote wa barabara. Friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni, ipe mafuta ya cherehani, maana vijino vyake vya ndani vikigandishwa na grisi, pedeli zitazunguka bure. Kabla ya kupaka, osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kwa kawaida habu ya nyuma ina gololi 9 za robo inchi kila upande, ya mbele 10 ndogo kila upande; zihesabu zinapotoka. Jaza nusu ya bakuli la habu, pale gololi zinapokaa, panga gololi, ongeza nyingine juu, kaza koni mpaka ekseli isicheze wala isikwame. Na lile tundu dogo lenye kizibo cha springi juu ya habu za baskeli za Phoenix usilimiminie oili chafu ya gari. Inaiyeyusha grisi uliyoweka na kuitoa nje, na oili hiyo yenyewe imebeba masizi na vumbi la chuma.

Linaloniumiza ni bei. Minada ya korosho ikianza Oktoba, kila kitu kwenye maduka ya spea kinapanda, na grisi ni mojawapo, ingawa kopo ni lile lile lililokuwa rafuni tangu Juni. Ukiuliza unaambiwa usafiri, na kweli, kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Lakini mji wetu wa Mtwara una bandari yenye kina kirefu cha asili, na bado kikopo cha grisi kinatufikia kwa lori na tunalipia kila kilomita. Mkulima anayebeba magunia kwa baskeli kwenda chama cha msingi ndiye anayeumia, tena wakati ule ule anapoihitaji baskeli kuliko siku zote. Nunua Julai au Agosti, kabla pesa ya korosho haijaingia mjini.

Kuna na mchezo mwingine unaonikera zaidi: kopo linafunguliwa, linapunguzwa kwa wateja wa kupima, kisha mfuniko unarudishwa na linauzwa kama zima, bei kamili. Fungua mbele ya muuzaji. Utando ukiwa umechanwa, au ukikuta alama ya kijiti juu ya grisi, liache hapo hapo kaunta kabla hujatoa pesa.