Uzoefu wangu: mlango wa marehemu Fundi, baada ya zaidi ya miaka 21

Mlango huu niliuagiza Februari 2003, nilipokuwa nikipandisha kuta za nyumba yangu Fuoni, Unguja, na nikaupokea mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, ingawa Fundi alikuwa ameniahidi miezi 3. Naanza na ucheleweshaji kwa sababu kila aliyewahi kumpa kazi marehemu huyu angeanza nao, na kwa sababu tathmini inayoficha kasoro haimfai anayetaka kutoa fedha zake. Fundi alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake silitaji, kwa kuwa wafiwa hawajaniomba niandike, lakini waliozoea kupita kwenye kichochoro chake huko Malindi watamjua kwa mlango wenyewe.

Ni mlango wa kuchonga wa pande mbili. Miimo na kizingiti cha juu ni mvule, pande zake ni mfenesi, na katikati umesimama mfaa unaoufunika mwanya pande zinapokutana. Mfenesi ukiwa mpya huwa wa manjano kama kiini cha yai, na jirani yangu mmoja alidhani nimepaka rangi. Sasa umeiva, umekuwa kama tende. Bei ilikuwa shilingi 600,000, ambazo nililipa kwa mafungu matatu, na kwa mshahara wa mwalimu wa wakati ule haikuwa kazi ndogo. Hauna bawaba hata moja. Kila upande unazunguka juu ya ncha zake zilizokaa kwenye matundu ya kizingiti, kama ilivyokuwa milango ya zamani ya Mji Mkongwe, na viungo vya fremu ni ulimi ulioingizwa ndani ya tundu na kukazwa kwa vigingi vya mti. Fundi hakuamini msumari wa chuma karibu na bahari. Shaba pekee ndiyo aliyoiruhusu, nayo ni njumu, yaani vifundo vya pambo, zilizopangwa safu kwa safu.

Mimi nilitaka nakshi nyingi zaidi. Nilimpelekea karatasi niliyochora mnyororo, samaki, mitende na yungiyungi, na juu ya yote aya na jina langu. Aliigeuza karatasi ile mara mbili, akanirudishia na kusema, "Maalim, wewe si Sayyid Barghash." Akaniachia mnyororo kwenye ukingo wa fremu na waridi kwenye mfaa, basi. Nilikasirika siku ile. Leo, nikiona milango mipya iliyojazwa maua hadi haina pa kushika, namshukuru. Kuhusu Sayyid Barghash alijua alichokisema, maana alikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi wake kuitazama milango ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani huyo alilijenga mwaka 1883, na sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka Desemba 2020 hakufungua karakana kwa siku mbili.

Sasa kuhusu miezi 8. Sehemu ya muda huo ilikuwa ya haki: mbao za mfenesi alizikausha kivulini, zimepangwa na vijiti katikati ili upepo upite, na alikataa katakata kuzigusa kabla hajaridhika. Nilikuwa na fundi mwashi aliyesubiri fremu, na kila siku ya kusubiri ilikuwa na gharama yake. Lakini sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitokana na jambo jingine, nalo ni kwamba karakana ilifungwa saa tisa alasiri, mteja awepo au asiwepo. Saa hiyo Fundi alikwenda kuwachukua watoto chuoni, yaani madrasa, akapitia Darajani kununua samaki, kisha akarudi nyumbani kukuna nazi, kwa sababu viganja vya mkewe vilikuwa vikimuuma na hakutaka avishughulishe. Mbuzi ya nazi ya nyumba ile aliitengeneza mwenyewe, na kiti chake amekichonga mnyororo uleule ulio kwenye mlango wangu, tena kwa uangalifu ambao, nasema kwa wivu kidogo, unaushinda wangu. Jamaa zake walio Maskati walimwita zaidi ya mara moja akafanye kazi huko kwa malipo ambayo Unguja hayapatikani. Alijibu kwamba hawezi kuchonga mahali ambapo hasikii watoto wake wakigombana.

Siku ya kukabidhiana kazi niliona, upande wa ndani wa mwimo wa kulia, mistari miwili mifupi iliyokatwa kwa ncha ya patasi, mmoja juu ya mwingine kwa kadiri ya vidole viwili. Nilidhani ni dosari. Fundi aliona haya, akaeleza kwamba binti yake mdogo alimsimamisha pale siku fremu ilipoanza kusimama, kisha akamsimamisha tena siku ilipokamilika. Mtoto alikuwa amerefuka vidole viwili kwa mlango mmoja! Alishika randa aifute mistari ile, nikamzuia. Ilikuwa ndiyo risiti yangu ya kuchelewa.

Utendaji wa mlango wenyewe naweza kuueleza kwa ufupi. Hakuna mchwa aliyeingia, hakuna ubao uliopinda wala kiungo kilicholegea. Mlango wa nyuma wa nyumba hiyohiyo niliununua tayari katika duka moja la fenicha, kwa chini ya robo ya bei, na mbao zake zilikuwa mbichi. Masika ya kwanza ulivimba, kaskazi ikaupasua, na tangu hapo nimeubadilisha mara mbili. Wa Fundi huomba mafuta ya kitani mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua. Kasoro zake ni komeo, ambalo alilinunua la bei rahisi na likafa kabla ya mwaka kwisha (vyuma havikuwa fani yake, na ushauri hakusikia), njumu moja iliyodondoka na kupotea, na upande wa kushoto unaosugua mvua za masika zikizidi. Kwa tatizo hilo la kusugua alikuja mara tatu katika uhai wake, na hakuna mara aliyokubali malipo zaidi ya chai.

Nilihudhuria maziko yake. Jeneza la msikiti wa mtaa wao alilitengeneza yeye miaka mingi iliyopita, bila kulipwa, na mikono yake nilipokuwa mmoja wa waliolibeba niliitambua: pale penye kushikwa pamelainishwa kwa msasa upande wa chini, ambako jicho halifiki.

Masika ya mwaka huu upande wa kushoto ulisugua tena, na nilipopiga simu karakana alikuja yule binti mdogo, ambaye siku hizi ndiye anayeshika patasi pale pamoja na kaka yake. Alinisalimu kwa adabu, akauvua upande ule peke yake na kuupiga randa barazani. Aliporudisha aliiona ile mistari miwili, ambayo sasa iko usawa wa nyonga yake, akaipitisha kidole gumba bila kusema neno. Kisha akatoa sarafu ya shilingi mia, kama alivyokuwa akifanya baba yake, akaiteremsha kwenye uwazi kutoka juu. Ilikwama karibu na sakafu, akauvua ubao tena na kupunguza kidogo, hadi sarafu ikapita. Alinitoza shilingi 30,000, akaahidi kuniletea njumu iliyopotea baada ya wiki moja. Hii ni wiki ya tano.