Difyuza za mpira kwenye matenki ya sato: huu mwezi wa nane nazitumia hapa Zinga

Wadau wa samaki habari zenu. Naandika hii kwa sababu mwaka jana nilihangaika sana kupata mtu wa kuniambia difyuza ipi inafaa (kile kifaa kinachokaa chini ya maji na kutoa hewa kwa mapovu), kila muuzaji anasifia ya kwake, nikaja kujua baada ya kupoteza samaki na hela. Mi niko Zinga, Bagamoyo, nafuga sato kwenye matenki mawili ya turubai, kila moja upana mita 6, kina cha maji mita 1.2, yaani kama lita elfu 34 hivi, na kila tenki lina sato kama 600. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi kama visima vingi vya huku pwani, na hiyo chumvi ina mambo yake nitayasema huko chini.

Nilianza na kile ambacho wengi tunaanza nacho, bomba la PVC la nusu inchi, fundi akalitoboa matundu kwa biti, tukaliunga na bloa, ile mashine ya kupuliza hewa, ya wati 750. Aisee ukiwasha tenki zima linachemka, mapovu makubwa makubwa yanapasuka juu, maji yanaruka mpaka nje, majirani wanakuja kushangaa, na mi mwenyewe nilikuwa nalala usingizi mzuri kabisa najua hapa oksijeni ipo ya kumwaga.

Ikaja joto la Februari. Saa kumi na moja alfajiri kijana wangu anagonga dirisha, "Kaka amka, samaki wote wako juu." Natoka na tochi, nakuta midomo tu imejaa juu ya maji, wanameza hewa, wengine wameshalala ubavu, na bloa inanguruma palepale haijazima hata dakika moja. Tulitoa 47 waliokufa asubuhi ile. Niliumia jamani, samaki umewalisha kwa mkono wako tangu vifaranga.

Siku hiyo nikaazima kipimo cha oksijeni kwa jamaa, alfajiri iliyofuata nikapima: miligramu 2.1 kwa lita. Maji ya nyuzi 30 yakishiba oksijeni yanabeba kama 7.5 hivi, na sato akae juu ya 4 ndo anakula vizuri na kukua. Kwa hiyo lile tenki lilikuwa linachemka na bado halina hewa.

Hapo ndo nikaanza kuelewa. Oksijeni inaingia pale povu linapogusana na maji, kwa hiyo unachotaka ni ngozi ya mapovu iwe kubwa na yachelewe kufika juu. Chukua povu moja la milimita 8, ligawe uwe na mapovu ya milimita 2, unapata 64, na ile ngozi yote kwa pamoja inakuwa mara 4 kwa hewa ileile, umeme uleule. Lile kubwa lenyewe kwa kina changu linafika juu kwa sekunde nne tano, limepanda na oksijeni yake karibu yote linaenda kuimwaga angani. Na hata difyuza nzuri za mapovu madogo usidhani zinafanya miujiza, hesabu inayotumika sana ni kwamba kama asilimia 6 ya oksijeni ya hiyo hewa ndo inaingia kwenye maji kwa kila mita ya kina, tena kwenye maji safi. Kina kinahesabika kuliko wingi wa mapovu unayoyaona juu.

Basi nikakimbilia upande wa pili. Muuzaji mmoja Dar akaniuzia mawe ya seramiki, yale bapa meupe ambayo mapovu yake yanatoka kama moshi, nikamuuliza bloa yangu itasukuma? Akasema inasukuma, bloa yoyote inasukuma. Nimefika Zinga naunga, nawasha, kimya, hakuna povu hata moja. Kumbe yale ya laini sana yanataka presha kuanzia bar 1.7 kwenda juu, ni ya kutumia na mtungi wa oksijeni, watu wanayatumia kusafirishia vifaranga. Bloa za aina yangu hata bar 0.3 ni shida kufika. Kurudisha akakataa. Yako kabatini mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujanunua piga hesabu ya presha kwanza, nayo ni rahisi tu, kila mita moja ya maji inakula bar 0.1. Mimi mita 1.2 ni 0.12, ongeza ile ambayo difyuza yenyewe inazuia, kwa hizi za mpira ni kama 0.03 mpaka 0.05, ongeza na kona kona za mabomba. Ikizidi uwezo wa pampu, hata difyuza iwe nzuri namna gani utakaa unaitazama tu.

Nikajaribu pia ule mpira mweusi unaovuja hewa mwili mzima, wanautengeneza kwa matairi ya zamani, unauzungusha duara unauweka chini. Huo siwezi kuusema vibaya, bei nafuu, presha ndogo, mapovu madogo. Ila kwangu baada ya miezi miwili upande mmoja ukaanza kutoa mapovu makubwa na upande mwingine umeziba kwa ukoko wa kijani, na kuusafisha ni kazi kwelikweli. Kwa mtu wa tenki dogo anayeanza, achukue tu.

Sasa hizi za sasa ni sahani, inchi 8, juu zina mpira wa EPDM (aina ya mpira wa kiwandani) uliochanwa vitundu vidogo mno, chini koneksheni ya inchi robo tatu, fundi bomba yeyote anaifunga. Kabla sijaziingiza kwenye tenki nilitaka nione kwa macho yangu. Nikachukua lile chupa kubwa la maji ya kunywa la lita 20, nikakata shingo kwa kisu cha moto, nikabandika rula ya mtoto kwa ndani, nikaweka sahani chini, nikajaza maji, nikawasha. Mpira ukavimba kidogo katikati kama chapati inayoiva, halafu vitundu vyote vikafunguka kwa pamoja na maji yakageuka meupe kama tui. Nikapiga picha karibu na rula, mapovu mengi yako milimita 2 kuja 3. Nikazima, mpira ukalala, vitundu vikajifunga. Hapo kwenye kujifunga ndo nilipozipendea, maana umeme ukikatika maji na uchafu haviingii kirahisi kwenye bomba kama ilivyokuwa kwa ile PVC. Bado nimeweka koki ya kuzuia maji yasirudi na pampu nimeipandisha juu ya usawa wa maji, usibahatishe kwenye hilo.

Nimeweka mbili kila tenki, zimenyanyuliwa kama sentimita 15 kutoka chini zisitibue kinyesi, na bloa nimeiacha, natumia pampu ndogo ya diafragma ya wati 120 kila tenki, inatoa lita 120 kwa dakika. Alfajiri napata 4.4, siku nzuri 4.8. Luku ndo imenifurahisha zaidi, zamani nilikuwa nakula yuniti 18 kwa siku kwa hewa tu, sasa hazifiki 6.

Kasoro zipo. Sahani lazima ilale sawa kabisa, ikiinama kidogo tu hewa yote inakimbilia upande wa juu, ilinitokea nikadhani imeharibika kumbe tofali lililoibeba limezama. Halafu chumvi ya kisima inajenga ukoko mweupe kwenye vitundu, kila miezi miwili mitatu natoa, nasugua kwa kitambaa laini na siki, nasuuza. Msitumie brashi ya waya. Na mafuta yanaumiza EPDM, kwa hiyo kompresa ya gereji inayotema mafuta usiiunge hapa, utaumiza mpira na samaki pia.

Kuna rafiki yangu Mlingotini anavuta maji ya mkondo wa mikoko kuingiza kwenye bwawa la samaki aina ya mwatiko, majani yanamjazia wavu, alivyoona hizi sahani akataka azipange mlangoni ziwe pazia la mapovu. Nikamwambia kaka hapana, hiyo ni kazi nyingine. Pazia unataka hewa nyingi inyanyue maji, mkondo wa juu usukume takataka pembeni, na pale lile bomba la kutoboa ndo mahali pake. Amsterdam waliliweka 2019, wakalilaza mshazari chini ya mfereji wa Westerdok, plastiki inasukumwa upande mmoja inaokotwa na maboti yanapita juu kama kawaida. Kule bahari ya Ujerumani wanazungushia pazia kama hilo wakipigilia nguzo za mitambo ya upepo, kelele zisiwafikie wanyama wa baharini. Hakuna anayehangaika na oksijeni pale. Basi nikampa PVC yangu ya zamani na ile bloa, tukalaza mshazari, maji yakijaa majani yanaenda kujikusanya kona moja, anayatoa kwa tenga.

Kesho natoa za tenki la pili kuzisugua, ukoko naona umeanza. Keshokutwa alfajiri nitapima nione zimerudi kwenye ngapi.