Hita ya sola imepasuka, eti mvua ya mawe

Mimi si mtu wa kuandika maoni ya bidhaa, ila hili limenikaa kooni.

Tulihamia nyumba yetu mpya huku Moshono mwaka jana, baridi ikiwa imeshaanza kung'ata. Mtu wa Dar haelewi. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mtoto akiona ndoo ya kuogea asubuhi anakimbilia uvunguni. Mume wangu alitaka zile shawa za umeme. Nikakataa, maana LUKU nainunua mimi. Nikasema sola. (Hilo analikumbushia mpaka leo.)

Duka silitaji. Walileta tanki la lita 200 lenye mirija ya vioo, pamoja na fundi wao. Fundi akalifunga kileleni kabisa mwa paa. Nikamuuliza, mbona simtanki letu liko chini ya hapo, maji yatapandaje? Akacheka. "Nimeunganisha na bomba la mtaa, presha ipo. Mama, wewe tuandalie chai, haya mambo tuachie wenyewe."

Chai niliandaa. Na maandazi.

Na kweli, ilifanya kazi. Wiki za mwanzo nilikuwa nawasifia kwa majirani, hata kwenye vikoba niliwataja. Kisha mwezi wa tisa maji ya mtaa yakakatika siku kadhaa, jua linawaka kama limetumwa. Tanki likakauka, na ile mirija nayo ikakauka, vioo vinaokwa tu huko juu. Maji yakarudi saa saba mchana, ya baridi. Nikiwa naanika nguo nikasikia pa! pa! pa! Nilidhani ni watoto wanarusha mawe. Kumbe ni mirija, sita, maji yanateremka kwenye bati hadi kwenye shuka nilizotoka kuzifua.

Nikampigia mwenye duka, nikamwamkia vizuri kabisa. Akasikiliza, akasema, "Mama, hiyo ni mvua ya mawe. Waranti haihusiki na kazi ya Mungu."

Mvua ya mawe! Mwezi wa tisa! Tone la mvua tulikuwa hatujaliona tangu mwezi wa tano, migomba imekunjamana, yeye yuko dukani kwake anaona mawe yakishuka Moshono. Nikamwambia hakuna hata wingu. Akajibu, "Huko kwenu juu hali ya hewa inabadilika haraka." Akakata simu.

Aliyetuokoa ni chalii mmoja wa jirani. Alinyanyua mnara wa simtanki mpaka ukapita hita, maji yakawa yanashuka yenyewe, umeme uwepo usiwepo, mtaa ukatike usikatike. Mirija nikanunua kwa hela yangu. Sasa maji yanababua, hata alfajiri yanakuwa na uvuguvugu. Kwa hiyo hita yenyewe ni nzuri, nunueni, nyota tano.

Hapana, nne. Nikikumbuka yale mawe, mbili. Fundi wao hata moja hana.

Juzi kijana wa duka kanitumia ujumbe, "Mama, tunaomba picha ya paa lako tuweke kwenye tangazo." Nimemtumia picha ya ndoo ya vioo. Tiki za bluu zimetokea, kimya.