Gonga Ngazi Kabla ya Plasta: Nilichokikuta Kwenye Bwawa Letu la Zege

Sikilizeni kwanza, hii niliirekodi kabla ngazi hazijavunjwa. Huu ni ukuta: ti, ti, ti. Sasa nasogea hapa kwenye ngazi, kidato cha pili: bu. Bu. Mmeisikia hiyo? Bwawa la kuogelea ni lile lile, zege la siku ile ile, na nyundo ni hii hii. Ukuta unalia, ngazi inaguna. Mguno huo ulininyima usingizi wiki mbili, na leo nataka muujue vizuri kabla hamjamlipa fundi yeyote.

Karibuni tena watazamaji wangu. Mliokuwa mkingoja sehemu ya mwisho ya mfululizo wa paa, ipo, imekamilika, mtaipata wiki ijayo. Nimeisogeza kwa sababu jambo hili halingoji. Plasta inakuja, na plasta ikishapigwa, ngazi mbovu na ngazi nzima zinafanana kama mapacha.

Hapa niliposimama ni upande wa kina. Vipimo sivirudii, tulishavipitia wakati wa kuchimba: mita 8 kwa 4, kina kinaanzia 1.1 mpaka 1.8. Ukipiga hesabu unapata karibu lita 46,000, yaani tani 46 za maji zitakazokaa uwani kwangu usiku na mchana. Pampu na chujio tuviache kwanza.

Najua wengi mtasema, kwa nini usinunue la faibaglasi ukapumzika? Ni kweli, la faibaglasi linatoka kiwandani likiwa zima, linashushwa kwa kreni, na baada ya muda mfupi watu wanaogelea. Mimi silidharau hata kidogo. Lakini upana wake unaamuliwa na barabara, maana kisichopita juu ya lori hakifiki kwako, na umbo unachagua kati ya yaliyopo. La karatasi ya vinaili, yaani shimo lililotandikwa plastiki ndani, ndilo nafuu kuanzia, ila karatasi huchoka, na siku moja lazima uivue uweke nyingine. Zege linafuata shimo lako. Tazameni hili benchi linavyozunguka kona ile, halafu linashuka taratibu kwenye ngazi. Hilo ndilo lililonifanya nichague zege, na hata leo, pamoja na hasira zote nilizonazo, nikiliangalia moyo unatulia.

Sasa turudi siku ya kupuliza. Nondo zilikuwa zimesukwa vizuri, nilizikagua mwenyewe. Zimeinuliwa kwa biskuti za zege, sentimita 7 na nusu kutoka kwenye udongo, ili unyevu wa ardhini usizifikie zikaanza kutu. Mabomba yalikuwa yamejazwa presha tangu jana yake, na mshale wa geji haukushuka. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye furaha.

Zege la bwawa kama hili halimwagwi kwenye mbao kama la nguzo. Linapulizwa kwa kompresa kupitia mpira mnene, linaugonga udongo kwa kasi mpaka linashikamana lenyewe. Kuna la majimaji, ambalo limeshachanganywa na maji, na kuna la kavu, ambalo saruji na mchanga husafiri vikavu na maji huingia pale mwishoni, mkononi mwa anayeshika mpira. Sisi tulitumia la kavu. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa na Mmarekani, Carl Akeley, yule aliyekuwa akikausha na kutengeneza wanyama wa maonyesho kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Alipata hataza yake mwaka 1911. Mtengenezaji wa tembo wa makumbusho ndiye aliyetupa mabwawa haya! Nilipoisoma habari hiyo nilimwamsha mke wangu nimsimulie.

Haya, sogeeni karibu, kamera ishuke huku chini. Zege likigonga nondo na ukuta, si lote linalonasa. Ule uji wa saruji unanasa, lakini mchanga na vikokoto vizito vinadunda na kuanguka chini. Sasa jiulize: kilichoanguka kimebeba nini? Mchanga mwingi, saruji kidogo sana. Hizo ni taka. Pembeni ya anayeshika mpira panatakiwa mtu wa pili mwenye bomba la hewa, kazi yake ni kupuliza taka hizo zitoke kwenye kona, na wenye makoleo wazitoe nje ya shimo. Ni kazi ngumu, jua kali, na taka zinarundikana haraka. Na zinarundikana wapi? Chini, pale pale ngazi zinapotakiwa kujengwa.

Mmeshaelewa. Mimi saa sita nilitoka kwenda kufuata chakula cha mafundi. Niliporudi, ngazi zilikuwa zimeshasimama, zimelainishwa kwa mwiko, zinapendeza kabisa. Nikapiga na picha.

Siku ya thelathini nikashuka na nyundo na kamera, na rekodi yenyewe ni hii. Angalieni kidole changu hapa, ukingoni mwa kidato. Nakwaruza na bisibisi, sitii nguvu... mnaona? Mchanga unamwagika. Naendelea, kimetoka kikokoto kizima, hakina hata ganda la saruji. Nikikirudisha kwenye tundu lake kinacheza. Sasa ukutani, bisibisi ile ile, nguvu ile ile, tena naongeza: umebaki mstari mweupe tu. Sasa hebu namimina kikombe cha maji juu ya kidato. Moja, mbili, tatu, nne... yamekwisha. Yameingia ndani. Hiki ndicho kitu nilichotakiwa kukipaka plasta nyeupe juu, kisha watoto wangu wakanyage kila siku.

Nilimwita fundi mkuu. Akagonga mwenyewe, akanyamaza, halafu akaniambia, "Bosi, plasta itafunika." Nikamwambia, fundi, nakuheshimu, lakini plasta ni ngozi, haiwezi kuwa mfupa. Ikikaa juu ya kitu kinachobomoka, itapasuka na kubanduka, na maji yatazifuata nondo. Tulibishana siku tatu. Mwishowe ngazi zote nne zikavunjwa mpaka kwenye nondo, zikasafishwa, zikalowanishwa, zikapulizwa upya. Safari hii nilisimama hapa ukingoni kuanzia mwanzo hadi mwisho, sikutoka hata kunywa maji.

Halafu kumwagilia. Zege haligumiki kwa kukauka, linagumika kwa saruji kunywa maji. Kwa hiyo siku 7 mfululizo nililimwagilia, asubuhi, mchana, jioni, na usiku kabla ya kulala, na vidato vipya nikavifunika magunia mabichi. Nguvu inayohesabiwa kwenye michoro ni ya siku ya 28, basi msikubali kuharakishwa.

Kitu kimoja nakipenda mno, nisikisahau: hii valvu ndogo hapa chini kabisa, kwenye kizibo cha sakafuni. Maji ya ardhini yakipanda na bwawa likiwa tupu, yanalisukuma kwenda juu, maana bwawa tupu ni mtumbwi. Valvu inafunguka, maji yanaingia ndani, bwawa linabaki mahali pake. Na vitundu vya kufyonzea ni viwili, vimeachana, ili mwili wa mtoto ukiziba kimoja, kingine kivute na yeye asinaswe. Kwenye hilo msifanye mjadala na mtu.

Bei? Zege ndilo ghali kuliko yote matatu, na linachukua miezi. Kwenye pampu tafuteni ya kubadilisha kasi: ukiipunguza kasi kwa nusu, umeme inaokula unashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Hapo pesa inarudi kidogo kidogo. Nilipoanza kurekodi asubuhi nilikuwa nimepanga kuwaambia msijenge la zege. Sasa nimezunguka humu ndani saa nzima, nimekaa kwenye benchi lile mara tatu, na siwezi kusema hivyo. Kama uwa wako ni mstatili wa kawaida na una haraka, chukua faibaglasi. Kama unataka umbo lako mwenyewe, na siku ya kupuliza unaweza kukaa pale pale, jenga.

Ambao hamjajiunga na chaneli, jiungeni, wiki mbili zijazo tunapiga plasta na nitaonyesha yote.

Haya, kidato kipya, cha kwanza kupulizwa. Leo ni siku ya 28. Kabla ya kuwasha kamera sijakigusa. Nyamazeni kidogo.

Ti. Ti. Ti.