Kahawa ya Jaws Corner, Mji Mkongwe: ukitaka kujua mji unasema nini kaa hapa

Mgeni akiuliza wapi atapata kahawa nzuri Mji Mkongwe naona watu wanamuelekeza kwenye migahawa ya Shangani, kahawa ya mashine na maziwa ya povu, bei ya kikombe kimoja unapata mchele wa familia, mimi namwambia nenda Jaws Corner. Na hata wenzangu wa Unguja wenyewe, hasa vijana wa Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, siku hizi hawakai tena pale, wanapita na vespa wanakwenda zao, ndo mana nikaona niandike mana sehemu kama ile inataka kusemwa na mtu anaekaa sio mtu aliepita kupiga picha akaondoka.

Kwa asiepajua, ukiifuata njia ya Sokomuhogo kuna pahala vichochoro kadhaa vinakutana panakuwa kama kiuwanja, baraza zimeizunguka miguu ya nyumba, ukutani kachorwa papa, na kuna simu ya zamani imetundikwa na maandishi ya Kiingereza eti unapiga nje ya nchi bure, watalii wanaipenda ile simu lakini haipigi popote. Jina limetokana na ile filamu ya papa ya miaka ya 70, mana watu walikuwa wanakusanyika pale kuangalia TV. Na hapa tukumbushane, Zanzibar tuna televisheni ya rangi toka mwanzoni mwa miaka hiyo ya 70 wakati Bara TV ya kwanza imeanza 1994, kwaiyo mambo ya kuangalia khabari kwa pamoja na kubishana hapo hapo watu wetu wameyazoea zamani, kabla hata hao wa mitandao hawajazaliwa.

Sasa kahawa. Ni kahawa chungu ya kwetu ile ile, buni imekaangwa ikatwangwa, imechemshwa na tangawizi, siku nyengine unaiskia na iliki, birika liko juu ya jiko la mkaa na mkaa hauzimwi mpaka usiku. Unapewa kikombe kidogo kisicho mkono, unakishika kwa ncha za vidole mana moto, funda la kwanza linakwenda mpaka kifuani. Sukari hamna na usiombe, utamu unatoka kwenye kashata ya karanga au kipande cha halua, na ukibahatika kuna mtu katoka Pemba na halua ya Wete basi siku hiyo kahawa inakuwa kahawa kweli. Kinacholipwa ni sarafu. Mimi nimekunywa kahawa za kila namna na sijaona inayofika pale kwa bei ile, na nikisema hivi sisemi kwa kuwa ni kwetu, mtu yoyote ajaribu vikombe viwili vya mfululizo baada ya alasiri alafu aje aniambie.

Lakini hakuna anaekwenda Jaws Corner kwa kahawa peke yake. Watu wanakwenda kusema na kuskia. Pale utaskia kila kitu kinachoukera mji: sukari inavyopanda mwezi wa Shaabani kabla hata mwezi haujaandama, umeme unavyokatika mechi ikianza, maji yanavyotoka saa nane za usiku watu wamelala, pweza na samaki wazuri wote wanavyopelekwa mahotelini sisi tunabakishiwa dagaa kwa bei ya changu, Beit al Ajaib ilivyoporomoka Disemba 2020 na mpaka leo wazee wakiizungumza sauti inabadilika. Tarehe 1 Oktoba 2024 serikali ilipoanza kuwatoza wageni bima ya lazima, dola 44 kwa mtu, baraza iligawika, waongoza wageni wakisema itatukimbizia watu, wengine wakisema mgeni anaelipa hoteli dola mia kwa usiku hawezi kushindwa na hiyo, na mabishano yale yalikuwa na hesabu ndani yake, watu walikuwa wanataja kazi zao wenyewe na wateja wao wenyewe, sio maneno ya kuokota.

Kuna taratibu ambazo hazijaandikwa popote. Ukifika unatoa salamu kwa wote, hukai tu ukaanza kusema. Mkubwa akizungumza unamuacha amalize. Unaweza kumpinga, tena kwa nguvu, lakini unaanza na "Mzee wangu, hapo mimi siko na wewe", na yeye atakujibu "Haya mwanangu, tueleze". Hilo jambo dogo sana lakini angalia linafanya nini, yani mnaweza kubishana kuhusu serikali kuanzia alasiri mpaka inapokaribia magharibi, adhana ikilia mnanyanyuka mnakwenda kusali safu moja, na kesho mnarudi.

Na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba pale khabari inaulizwa imetoka wapi. Kuna siku kijana kaja mbio na simu mkononi, anasema kesho Unguja nzima hamna petroli, kuna sauti imetumwa. Kaiweka tukaiskiliza, mtu anazungumza kwa uhakika kabisa, anakwambia jaza tenki leo. Watu washaanza kuangalia vespa zao. Kuna mzee pale, seremala wa zamani, kofia yake ya viua haiachi kichwa, yeye hakuuliza kuhusu petroli kabisa. Kauliza, "Huyo anaesema ni nani?" Kijana akajibu ipo kwenye grupu. "Na alieitia kwenye grupu kaipata kwa nani?" Hajui. "Basi bado hujatuletea khabari mwanangu, umetuletea sauti." Mwengine pale mtoto wa dada yake anafanya kazi sheli, akampigia, akaweka spika tukamskia sote, mafuta yapo, wameshusha asubuhi. Ikaisha. Wakati huo huo najua kuna watu mjini washabeba madumu kwenda kupanga foleni kwa sauti ile ile.

Ndo mana magrupu ya WhatsApp mimi nimeyachoka. Mule ndani mtu anarusha jambo anazima simu analala, nyinyi mnabaki mnatukanana mpaka alfajiri na akija asubuhi anaandika "nimetumiwa tu kama nilivyopokea". Barazani huwezi. Ukisema uongo leo kesho utapita njia ile ile na watu wale wale wamekaa, watakuuliza mbele za watu, bwana vipi ile petroli? Uso wako uko pale, jina la baba yako linajulikana, nyumba yenu inajulikana. Mtu anapima kabla hajafungua mdomo, na mimi naamini kwa moyo wangu wote nchi yetu inahitaji watu wapime kabla ya kufungua mdomo, wakubwa na wadogo.

Siasa, nisifiche, zipo na ni nyingi. Inajulikana Jaws Corner ni baraza ya upinzani toka vyama vingi viliporudi, zamani CUF, na Maalim Seif, kiongozi wao, alipohamia ACT-Wazalendo Machi 2019 watu wa pale wakahama nae, kama ambavyo Kisonge pale Michenzani inajulikana ni maskani ya CCM. Kwaiyo ukenda ujue umekaa wapi. Lakini mimi nimewahi kuona watu wa upande wa pili wakinywa kahawa pale na hawakufukuzwa, na wanaokumbuka miaka ile watu walikuwa hawaendeani hata maziko kwa ajili ya chama wanajua hilo sio jambo la kuchukulia wepesi. Baada ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim kukutana kupatana Novemba 2009, mpaka kura ya maoni ya serikali ya umoja tarehe 31 Julai 2010, zile baraza za mji zilifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliezilipa, watu walikuwa wanakaa wanaelezana serikali hiyo itakuwaje, nani atapoteza nini, na hasira zikipunguzwa kikombe kwa kikombe.

Na miezi hiyo hiyo ilikuwa ndani ya giza. Wakubwa mnakumbuka, Disemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Mji mzima majenereta yanavuma, maji hamna mana pampu zinataka umeme, samaki wakivuliwa lazima wauzwe siku hiyo hiyo. Kahawa ya baraza ilikuwepo kila jioni. Jiko la mkaa halitaki waya wa baharini. Watu walikuwa wanakuja na kandili, mwenye redio ya betri anaifungua katikati, khabari ikimaliza inajadiliwa, na waliokuwa na jenereta walikuwa wanawachajia wenzao simu. Waya mpya ukaja 2013 na mambo yakawa afadhali, ingawa umeme wa kukatika katika hatujaachana nao mpaka leo.

Nikayakumbuka yale tena mwisho wa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia siku ya uchaguzi tarehe 29. Siku kadhaa hamna WhatsApp, hamna chochote, watu wana jamaa zao Dar hawajui wamelalaje. Ukitaka kujua jambo ilibidi utoke nje ukakae na watu na umuulize aliepata simu ya kawaida kuzungumza na ndugu yake. Niliona vijana ambao nilikuwa siwaoni barazani kwa miaka wamekuja kukaa, hawajui hata kikombe kinashikwa vipi, lakini walikaa wakaskiliza wazee mpaka usiku. Intaneti ilivyorudi wengi wao wakapotea tena na hilo limeniuma.

Kwenye ubaya sasa, mana review bila ubaya sio review. Kwanza usafi wa vikombe, hapa nazungumzia vijiwe vya kahawa kwa jumla na kuna kimoja sitokitaja, vikombe vyote vinachovywa kwenye ndoo moja ya maji, ndoo imeshakuwa rangi ya kahawa toka asubuhi na bado inachovywa. Jamani tumepita korona, tumepita vipindupindu, ndoo mbili haziwezi kumshinda mtu, moja ya sabuni moja ya kusuuzia. Muuzaji akibadilisha maji mbele ya wateja mimi namuongezea hela bila kuombwa.

Pili ni hizi picha. Wageni wanapitishwa kwa makundi, muongozaji anasimama katikati anaeleza, kamera zinaanza, mzee yuko katikati ya maneno yake ya uchungu kuhusu mwanawe asie na kazi na mtu anamuekea simu mita moja usoni. Sio wageni wote, wapo wanaotoa salamu, wanakaa, wanakunywa, wanauliza, hao wanapewa nafasi wala hakuna anaewanyima picha. Wanaoongoza wageni ndio wa kusemeshwa, nyinyi ni watoto wetu na mnajua Kiswahili, mnashindwa nini kumwambia mgeni aombe?

Tatu, na hili ndo zito kwangu. Baraza za kahawa mjini hazina wanawake. Wanapita, wanasalimia kwa mbali, wanakwenda. Najua mila zetu na mimi ni mtu wa mila, sisemi tuzivunje, lakini kuna jioni tulikaa tunajadili maji, watu wanasema kwa hamasa, mamlaka ifanye hivi ifanye vile, mpaka muuza kahawa akauliza jamani nyumbani kwenu mnatumia ndoo ngapi kwa siku? Hakuna aliejibu, mana hakuna anaebeba. Wanaobeba walikuwa wako nyumbani wanaskiliza bomba kama limeanza kukoroma. Dada yangu ni mwalimu wa skuli, anafuatilia bajeti ya Baraza la Wawakilishi kuliko mtu yoyote ninaemjua, na maoni yake yanafika barazani nikiyapeleka mimi, tena nikiyapunguza. Akina mama wana baraza zao za mlangoni na za uwani na huko yanasemwa mazito, ila baraza mbili zinazosema kuhusu bomba moja na hazikutani, hapo tunajidhulumu sote. Mtu akianzisha kahawa ya alasiri pahala pa wazi, tuseme bustani ya Forodhani, ambapo mke na mume na kaka na dada wanaweza kukaa kwa heshima wakazungumza khabari za nchi, mimi nitakuwa mteja wa kwanza na nitakuja na dada yangu. Kwa hili tu natoa nyota 4 na sio 5.

Mkitaka kwenda, wakati mzuri ni baada ya alasiri mpaka magharibi inapokaribia, au baada ya ishaa kama unapenda kuwakuta wacheza dhumna, yani domino, na mechi. Mwezi wa Ramadhani usiende mchana, nenda baada ya tarawehe, pale panakuwa pamechangamka kuliko siku zote na watu wanakaa mpaka karibu na daku. Njia za mule ndani zinachanganya, ukipotea muulize mtu yoyote atakupeleka mpaka mwisho. Beba sarafu, noti kubwa zinamsumbua muuzaji. Ukikaribishwa kashata chukua, na ukiwa na uwezo mlipie alie pembeni yako kikombe kimoja, hivyo ndivyo watu wa pale wanavyojuana. Na ukiwa na jambo la kusema liseme, usiogope kukosolewa, ila uwe tayari kueleza umelipata wapi.