TAHADHARI: Muuzaji wa "seti za treni za mbao" anayetuma mizigo Dodoma

Ndugu wapenzi wa kazi za mbao, hasa mlioko Dodoma, Singida na Morogoro,

Naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza mtandaoni seti za kutengenezea treni ya mbao kwa mkono, yaani mbao zilizokatwa tayari, magurudumu, michoro na gundi, kwa shilingi 185,000 pamoja na gharama ya kusafirisha kifurushi kwa basi. Jina lake silitaji, kwa sababu malalamiko yamekwishafikishwa polisi, na pia kwa sababu jina lenyewe halitawasaidia: ukurasa wake wa kwanza umefungwa, na picha zilezile, pamoja na sifa zilezile zinazodaiwa kuandikwa na wateja, zimejitokeza chini ya jina jingine na namba nyingine ya simu. Kitu ambacho hajabadilisha ni mzigo anaotuma. Nimeupokea na kuupima, kwa hiyo nitaueleza jinsi ulivyo, ili yeyote atakayeuona chini ya jina lolote autambue.

Soko la vitu hivi limepanuka kwa sababu inayoeleweka. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, watoto wa mji huu wanachora treni, wanaunda treni kwa maboksi na wanawasumbua wazazi wao kwa habari za treni, huku watu wazima, hasa wenye mzee aliyestaafu kazi ya reli, wakitafuta zawadi yenye maana kuliko saa ya ukutani. Muuzaji huyu analijua hilo vizuri. Tangazo lake linaahidi kichwa cha treni ya moshi "kilichopita Dodoma enzi za babu zetu", na picha aliyoiweka inaonyesha kichwa cha aina ya Garratt, kile kirefu chenye boila katikati na mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele na jingine nyuma, kikiwa kimechongwa kwa ustadi ambao hata fundi mzoefu angeuonea wivu.

Mwenye kuzijua treni ataanza kushuku hapohapo. Namba iliyochongwa ubavuni mwa kichwa hicho inaanza na 59. Vichwa vya daraja la 59 vilikuwa 34 tu, vikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi, na kimojawapo, namba 5918, kimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Anayewauzia watu kichwa hicho kama kumbukumbu ya Dodoma ameokota picha ya kazi ya mtu mwingine bila hata kujua anachokitazama. Kosa la historia peke yake ningeweza kulisamehe, kwa kuwa wauzaji wengi waaminifu hawasomi historia ya reli. Lakini kila kitu kilichomo ndani ya boksi kinafuata mkondo huohuo.

Tuanze na michoro. Ni kurasa chache zilizorudufiwa, zenye maandishi ya kalamu juu yake yanayosema "Reli ya Kati" na kipimo cha 1:20. Chukueni rula mpime nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za reli mbili zilizochorwa. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Dodoma mwaka 1910, ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo katika kipimo cha 1:20 nafasi hiyo inapaswa kuwa milimita 50. Mchoro wake unatoa milimita 72 kasoro kidogo, ambazo ukizizidisha kwa 20 unaangukia kwenye milimita 1,435, upana wa reli mpya ya SGR na wa reli nyingi za Ulaya na Marekani. Isitoshe, kilichochorwa si Garratt, bali ni kichwa cha kawaida chenye behewa la makaa nyuma yake. Kwa maneno mengine, ni mchoro wa treni ya kigeni uliofutwa jina. Ubaya wake ni kwamba fundi anayeanza atakata mbao, ataunganisha boila na chumba cha dereva bila kuona tatizo lolote, na kazi itakuja kumkwama anapofika kwenye ekseli, wakati ambapo mbao zimekwishakatwa na gundi imekwishakauka.

Linalofuata ni mpingo. Tangazo linasema kwamba dohani, mataruma na fito za kuendeshea magurudumu vitatengenezwa kwa mpingo halisi, na kwa kweli vipande vinavyokuja ni vyeusi na vinang'aa. Kimoja nilichokipima kina urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 2, maana yake ni sentimita za ujazo 300. Mpingo mkavu wa ukubwa huo hukaribia gramu 360, kwa kuwa ni miongoni mwa mbao chache zilizo nzito kuliko maji, lakini mizani ya jikoni ilisoma gramu 141. Nilipokwangua kona kwa ncha ya patasi, weusi ule uliambuka ukiwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake ikatokea mbao nyeupe yenye mistari mipana ya rangi ya njano, ikitoa harufu ya utomvu ambayo kila aliyewahi kupasua paini anaifahamu. Kwenye ndoo kipande kilielea, na maji yakageuka meusi.

Hapa niongeze jambo moja ili msije mkamdhulumu muuzaji mwaminifu. Mpingo halisi nao unaweza kuwa na ukingo mweupe, kwa sababu chini ya gome la mti huu kuna tabaka la rangi ya njano iliyofifia kabla ya kuufikia moyo wake mweusi. Weupe huo, hata hivyo, huonekana wazi kwenye kichwa cha kipande na hupita kutoka ncha moja hadi nyingine. Haujifichi chini ya weusi pande zote. Wapo pia wanaoshauri kufuta kipande kwa kitambaa chenye spiriti ili kuona kama kinatoa rangi. Mimi siutegemei ushauri huo, kwa kuwa mpingo wa kweli nao huachia rangi kidogo. Mizani na ndoo ya maji vinatosha.

Kilichonikera kuliko vyote ni magurudumu. Garratt wa daraja la 59 ana magurudumu 28, makubwa 16 na madogo 12. Ndani ya mfuko yamo 20, yote ya ukubwa mmoja. Idadi hiyo ni nusu tu ya tatizo. Magurudumu haya yamekatwa kwa kukata tawi vipande vya mviringo, jinsi mpishi anavyokata karoti, kwa hiyo kila gurudumu lina kiini cha tawi katikati na miduara ya ukuaji imelizunguka. Kwa macho yanapendeza sana, na bila shaka ndiyo maana huyapiga picha kwa karibu. Lakini mbao inapokauka husinyaa kwa kuifuata miduara yake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na kipande cha duara kizima hakina pa kuitolea tofauti hiyo isipokuwa kupasuka. Katika hewa ya Dodoma, hasa kati ya Mei na Novemba tunapokaa miezi bila mvua, hakuna haja ya kusubiri: magurudumu niliyoyaacha juu ya kabati yalifunguka ufa kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la ekseli, moja baada ya jingine, na jeraha la kila moja lilikuwa pana nje na jembamba ndani. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba kosa ni la hali ya hewa ya Dodoma na kwamba nipake mafuta ya nazi.

Gurudumu la treni ya mbao hukatwa kutoka kwenye ubao, nyuzi zikiwa zimelala kwenye uso wa gurudumu. Gurudumu la namna hiyo, hewa ikibadilika, linaweza kupoteza uduara kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini halipasuki. Anayetaka uimara zaidi hugandisha mbao mbili nyembamba, nyuzi za moja zikikatiza nyuzi za nyingine, kisha huzipeleka kwa mkerezaji. Kwa hiyo picha ya gurudumu inayoonyesha miduara ya mti iliyozunguka tundu la katikati ni sababu tosha ya kutoendelea na mazungumzo, hata kama mengine yote yanaonekana sawa.

Kuhusu mninga uliomo ndani ya seti sina maneno mengi. Nadhani ni mninga kweli, kwa rangi na kwa harufu, ila umepasuliwa mbichi. Mninga mkavu unasifika kwa kutulia, na ndiyo sababu mafundi wa samani wanaupenda. Huu ulipinda mezani kabla sijaugusa. Mwenye shaka apime ubao kwa mizani, auache ndani ya nyumba, kisha aupime tena baada ya wiki. Uzito ukiendelea kushuka, ubao bado una maji.

Lipo jambo la kisheria ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Muuzaji huyu anajigamba kwamba anaweza kutuma mpingo kwa ndugu zenu walioko nje ya nchi "bila usumbufu wa karatasi". Mpingo umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na kuusafirisha ukiwa mbao ghafi kuvuka mipaka kunahitaji kibali. Hata ndani ya nchi, mazao ya misitu husafirishwa kwa hati inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na anayefanya biashara hiyo kihalali hashangai akiulizwa hati hiyo. Tuseme siku moja atapata mpingo wa kweli na kuutuma bila hati: atakayekutwa na mzigo si yeye.

Namna anavyochukua fedha haina ugeni mkubwa. Anaomba nusu mapema, na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma si la duka. Ukimuuliza, anasema ni la mhasibu wake. Kisha anatuma picha ya risiti ya basi na kutaka nusu ya pili kabla hujaufungua mzigo, akidai kwamba ofisi ya mizigo pale stendi ya Nanenane hairuhusu kufungua kabla hajathibitisha malipo. Nimewauliza wahusika wa ofisi ya mizigo, nao wamesema hawana utaratibu wa namna hiyo. Anadai pia kuwa na karakana Chang'ombe, hapahapa mjini. Mafundi niliowauliza huko hawamfahamu, naye hakukubali kamwe nifike kuchukua mzigo mwenyewe. Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote wa aina hii, mwombeni apige picha ya kipande cha mpingo kikiwa juu ya mizani, pembeni kukiwa na sarafu ya shilingi 500 na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Nilipomwomba hivyo kupitia namba yake mpya, alinifungia.

Kwa wanaotaka kujenga treni kwa uhakika, mabaki ya mninga na mkongo yanapatikana kwenye karakana za samani kwa bei ya maelewano, yakiwa makavu kuliko chochote kitakachotoka kwenye boksi lile, na mkerezaji anayetengeneza miguu ya vitanda anaweza kuwakerezea magurudumu yote pamoja na boila kwa mchana mmoja, mradi mumpelekee vipimo vilivyoandikwa. Mpingo, kwa treni ya kwanza, si lazima.

Waliokwishalipa watume taarifa ya namba husika kwenda 15040, wafungue malalamiko katika kituo cha polisi kilicho karibu nao, na wahifadhi ujumbe wote wa simu bila kufuta hata ule wa matusi, kwa maana kesi za aina hii huendeshwa pia kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Boksi lenyewe, mfuko wa magurudumu na risiti ya basi visitupwe. Vipande vyeusi msivipige msasa wala msivikwangue vyote. Kona moja yatosha kuwaonyesha wapelelezi, na rangi iliyobaki ndiyo ushahidi.