Global Brand Database ya WIPO: chujio zuri, hukumu dhaifu

Kabla ya kuchapa lebo za nguo au kutangaza jina la bendi, pitia kwanza branddb.wipo.int, kanzidata ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO). Ni bure, hakuna akaunti ya kufungua, na unaona alama za biashara za nchi nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ijaribu hivi: andika "hakuna matata", halafu chuja kwa daraja (kundi la bidhaa au huduma) la 25, yaani nguo, viatu na kofia. Tafuta usajili wa Marekani wa Disney Enterprises, ulioombwa 1994 na kukamilika 2003. Ndio uliozua kelele mitandaoni mwishoni mwa 2018. Watu wengi hawakusoma nchi wala bidhaa zilizotajwa: ni fulana, na nguvu yake inaishia Marekani. Hakuna aliyekatazwa kusema maneno hayo.

Kosa la kawaida ni kutafuta daraja la 25 peke yake. Mikoba ya ngozi iko la 18, vito la 14, huduma za duka la 35. Msanii aangalie la 41 kwa maonyesho, la 9 kwa rekodi, na la 25 kama atauza fulana zake. Usichuje alama zilizo hai tu, kwa sababu usajili unaweza kufa na jina likaendelea kutumika sokoni, na mwenye jina lisilosajiliwa bado anaweza kukushtaki kwa kujifanya yeye.

Utafutaji wa matamshi unasaidia, ila kwa Kiswahili usiuachie kazi. Andika mwenyewe kila tahajia: kikoi, kikoy, kikois. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili "Kikoy" kule, na maombi yakaondolewa baada ya kupingwa kutoka Kenya.

Kwa nembo, pakia mchoro safi usio na mandhari. Picha ya fulana iliyokunjwa italeta takataka. Kama nembo ina simba (na nyingi zina simba), tumia msimbo wa Vienna 3.1.1, namba ya simba katika orodha ya kimataifa ya kupanga michoro ya nembo, pamoja na daraja.

Inapopwaya ni kwenye habari mpya. Kila ofisi hutuma rekodi kwa mwendo wake, hivyo ukurasa mtupu haumaanishi jina liko huru. Kenya, peleka fomu TM27 kwa KIPI, ofisi inayosajili alama za biashara, upate utafutaji rasmi. Tanzania Bara ofisi hiyo ni BRELA, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa ORS. Zanzibar ni BPRA, kwa usajili wake wa pekee. Cheti cha Bara hakivuki bahari. Hakimiliki ya mchoro wenyewe haimo humo kabisa, hiyo ni ya ofisi za hakimiliki: KECOBO (Kenya), COSOTA (Tanzania Bara) au COSOZA (Zanzibar).

Oda kubwa ya lebo isubiri: alama ikishatangazwa, Kenya na Tanzania Bara zote hutoa siku 60 za pingamizi.